Magamba ya Kilwa na Historia ya Maji ya Bahari

Basi la Lindi likitoka Dar es Salaam husimama Nangurukuru, na abiria wa Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hushuka hapo kutafuta usafiri wa kuwafikisha pwani. Wanaoendelea kusini huiacha Pande upande wa bahari. Majina haya manne yanajulikana pia kwa watu ambao hawajawahi kufika Tanzania. Kwa wanajiolojia ni majina ya matabaka manne yaliyolaliana kwa umri: Nangurukuru chini kabisa, kisha Kivinje, kisha Masoko, na Pande juu. Yote kwa pamoja huitwa Kundi la Kilwa, na yanabeba kumbukumbu ya bahari tangu takriban miaka milioni 80 iliyopita hadi karibu miaka milioni 33 iliyopita.

Historia ya Kilwa tuliyofundishwa shuleni ni ya masultani na dhahabu ya Sofala, ya Msikiti Mkuu wa kisiwani na ziara ya Ibn Battuta mwaka 1331. Nayo ni historia ya kujivunia. Lakini chini ya magofu hayo na chini ya mashamba ya bara upo udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu na kijani, mzito, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mkulima haupendi. Ndani yake mna magamba ya viumbe wa bahari wadogo kama chembe ya mchanga, na magamba hayo yamesaidia kujibu swali ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani walishindana nalo kwa muda mrefu: maji ya bahari yalikuwaje, na hewa iliyokuwa juu yake ilikuwaje, zamani sana kabla ya binadamu kuwapo?

Viumbe hao huitwa foraminifera. Kila mmoja ni seli moja tu, haina macho, moyo wala mdomo, lakini wengi wao hujijengea nyumba ya chokaa yenye vyumba, chumba juu ya chumba, mara nyingi kwa mzunguko kama wa konokono. Mwaka 1826 Mfaransa Alcide d'Orbigny aliwapa jina la kundi lao, akidhani ni jamaa wadogo wa ngisi na pweza. Mwaka 1835 Félix Dujardin, Mfaransa mwenzake, aliwachunguza wakiwa hai akaona kwamba hawana viungo vyovyote vya mnyama wa aina hiyo. Baadhi huishi sakafuni mwa bahari, na wengine huelea karibu na uso wa maji. Wakifa, magamba yao huzama polepole na kutanda chini, karne baada ya karne.

Ukubwa wa utandaji huo ulidhihirika kwa meli ya Uingereza, HMS Challenger, iliyozunguka dunia kuanzia Desemba 1872 hadi Mei 1876 ikipima vina na kuchota tope la sakafu. Kila walipochota katika vina vya wastani, mabaharia walipandisha tope jeupe lililojaa magamba ya Globigerina, mmojawapo wa foraminifera wanaoelea. Kiongozi wa wanasayansi wa meli hiyo, Charles Wyville Thomson, aliamini mwanzoni kwamba viumbe hao huishi hukohuko chini. Msaidizi wake John Murray alivuta nyavu laini karibu na uso wa bahari, akawakamata wakiwa hai, na ubishi ukaisha. Henry Bowman Brady alitoa ripoti ya foraminifera wa safari ile mwaka 1884, ikiwa na kurasa 115 za michoro, na hadi leo hakuna mtaalamu wa fani hii asiyeifungua.

Murray aliona jambo jingine ambalo lilikuja kuwa na uzito zaidi baadaye. Meli ilipofika penye kina kirefu mno, tope jeupe lilitoweka na mahali pake pakawa na udongo mwekundu usio na gamba hata moja, ingawa juu yake Globigerina walikuwa wakielea kwa wingi uleule. Magamba yalikuwa yakiyeyuka. Maji ya vilindini ni baridi, yana mgandamizo mkubwa na hewa ukaa nyingi iliyoyeyuka ndani yake, na chokaa haivumilii hali hiyo. Kwa hiyo hata kabla ya mtu yeyote kupima kemia ya gamba moja, rangi ya tope peke yake ilikuwa ikieleza kemia ya maji yaliyo juu yake.

Kwa miaka sitini iliyofuata, kazi kubwa ya foraminifera ilikuwa ya biashara. Huko Texas katika miaka ya 1920, Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, wanawake waliokuwa wakifanyia kazi kampuni za mafuta, walionyesha kwamba vipande vinavyotoka kisimani wakati wa kuchoronga vina magamba yanayotosha kutaja umri wa mwamba. Spishi huibuka na kutoweka, na mwenye kuzijua husoma umri wa tope kama mtu anavyosoma kalenda. Ujuzi huo ndio uliowafikisha watu wa mafuta pwani yetu. Katika miaka ya 1950, BP na Shell walitafuta mafuta Tanganyika na Zanzibar, na sampuli zilizochukuliwa Lindi zikafika mezani kwa wataalamu wa foraminifera, Walter Blow na Fred Banner. Mwaka 1962 wawili hao walitumia miamba ya Lindi kupanga mfuatano wa spishi zinazoelea za mwisho wa enzi ya Eosini na mwanzo wa ile ya Oligosini, karibu miaka milioni 34 iliyopita, na mpangilio ule ukatumika kulinganisha miamba ya nchi nyingi. Mafuta hayakupatikana kwa kiasi cha kuuzwa. Sampuli zikabaki kwenye makabati ya Uingereza, zikiwa na jina la Lindi kwenye vibandiko.

Upande wa kemia, safari ilianza kwa mtu ambaye hakuwa mwanajiolojia. Harold Urey, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1934 kwa kugundua hidrojeni nzito, alikuwa Chicago baada ya Vita Kuu ya Pili akikokotoa jinsi isotopi za kipengele kimoja, yaani atomi zake zenye uzito tofauti, zinavyotengana. Oksijeni nyingi ina uzito wa 16, na sehemu ndogo yake ina uzito wa 18. Mnyama akijenga gamba, huchota oksijeni kutoka majini, na mgawanyo wa nzito na nyepesi hutegemea joto: maji yakiwa baridi, oksijeni nzito huingia kwa wingi zaidi. Urey alitambua kwamba hesabu yake ilikuwa kipimajoto cha bahari zilizokwisha kutoweka. Mwaka 1951 yeye na wenzake walipima belemnaiti, jamaa wa kale wa ngisi aliyechimbwa katika kisiwa cha Skye huko Uskoti, tabaka baada ya tabaka, wakaona majira ya joto na ya baridi yakifuatana ndani ya mwili wa mnyama aliyeishi takriban miaka minne enzi za dinosauri.

Kijana wa Kiitalia katika maabara hiyo, Cesare Emiliani, ndiye aliyehamishia mbinu ile kwenye foraminifera. Kwa kuwa magamba yao hurundikana sakafuni kwa mfuatano, nguzo moja ya tope iliyovutwa kwa bomba kutoka chini ya bahari inakuwa daftari la maelfu ya miaka. Mwaka 1955 alitoa matokeo kutoka Karibi na Atlantiki, na yalionyesha kwamba enzi za barafu zilikuwa nyingi kuliko nne zilizokuwa zikifundishwa vyuoni. Hapo alisema kweli. Alipopotoka ni pale aliposoma karibu mabadiliko yote ya isotopi kuwa mabadiliko ya joto.

Aliyemsahihisha alikuwa Nicholas Shackleton wa Cambridge, mpigaji hodari wa klarineti, ambaye baba yake, Robert Shackleton, alikuwa mwanajiolojia aliyefanya kazi Kenya katika miaka ya 1940. Hoja ya Shackleton ya mwaka 1967 inanivutia kwa urahisi wake. Maji ya sakafuni mwa bahari leo yanakaribia kuganda. Hayana nafasi ya kupoa zaidi kwa nyuzi nyingi. Basi kama foraminifera wa sakafuni nao wanaonyesha kupanda na kushuka kulekule kunakoonekana kwa wale wa juu, sababu kuu haiwezi kuwa joto. Ni barafu. Maji yakipanda angani kwa mvuke, oksijeni nyepesi hutangulia; theluji ikianguka barani na kubaki huko, oksijeni hiyo nyepesi hufungiwa, na bahari huachwa na nzito. Gamba dogo la sakafuni lilikuwa likipima wingi wa barafu ya dunia nzima. Mwaka 1976, pamoja na James Hays na John Imbrie, alitumia nguzo mbili za tope kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi kuthibitisha kwamba enzi za barafu hufuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua.

Kutoka hapo mlango ulifunguka. Edward Boyle wa MIT alionyesha kwamba kadimi kidogo iliyomo kwenye magamba ya sakafuni hufuata fosfati ya maji, hivyo inaeleza mikondo ya vilindini ilipitia wapi. Wengine wakatumia magnesi, ambayo huongezeka ndani ya gamba joto likiongezeka. Lakini swali kubwa zaidi, la asidi ya bahari na hewa ukaa ya angani, lilisubiri kipengele kingine: boroni.

Katika maji ya bahari boroni ina sura mbili, asidi ya boriki na borati, na uwiano wake hutegemea pH, kipimo cha asidi ya maji. Isotopi zake pia ni mbili, uzito wa 10 na wa 11, na ile nzito hupendelea asidi ya boriki. Gamba linapojengwa huchukua borati. Bahari ikizidi kuwa na asidi, borati hupungua na ile inayobaki huwa nyepesi, na wepesi huo huandikwa ndani ya chokaa. Ukijua pH ya maji ya juu, ukawa na makadirio ya kemia nyingine ya bahari ya wakati huo, unaweza kukokotoa hewa ukaa iliyokuwa angani, kwa sababu uso wa bahari na hewa hubadilishana gesi muda wote. Barafu ya Antaktika ina mapovu ya hewa ya zamani, ila yanafika nyuma miaka laki nane tu kwa mfululizo usiokatika. Kwa miaka milioni hamsini, tunategemea magamba.

Watafiti Paul Pearson na Martin Palmer walijaribu njia hiyo kwa ujasiri mkubwa. Mwaka 2000 walichapisha katika jarida la Nature makadirio ya hewa ukaa ya miaka milioni 60. Kwa sehemu ya mwanzo ya kipindi hicho walipata viwango vinavyozidi sehemu 2,000 kwa milioni, wakati hewa ya kabla ya viwanda ilikuwa na takriban 280. Kazi hiyo ilisifiwa na kupingwa kwa pamoja. Je, spishi zilizokufa zamani zilichukua boroni kama zilizopo leo? Boroni ya bahari yenyewe ilikuwa na mchanganyiko gani wakati huo? Na je, magamba yalikuwa bado ni yaleyale?

Hili la mwisho ndilo linalotufikisha Kilwa. Magamba mengi yaliyotumiwa na watafiti yalitoka vilindini, kwenye tope lililoundwa na magamba matupu. Maji hupita kwa urahisi ndani ya tope la aina hiyo. Kwa mamilioni ya miaka, chokaa ya gamba huyeyuka kidogo na kuganda upya hapohapo, umbo likibaki lilelile. Chini ya hadubini gamba la namna hiyo ni jeupe kama chaki, halipitishi mwanga. Mwonekano wake ni mzuri na jina lake ni sahihi, lakini sehemu ya kemia yake si ya uso wa bahari ya joto alikoishi kiumbe. Ni ya sakafu baridi alikozikwa.

Athari zake zilikuwa kubwa. Kwa miaka mingi vipimo vya oksijeni vilidai kwamba katika enzi za joto za Kretasia na Eosini, wakati mamba na mitende vilipokuwa karibu na ncha ya kaskazini, bahari ya tropiki ilikuwa na nyuzijoto 15 hadi 23 tu, baridi kuliko ilivyo leo. Wanaounda mifano ya hali ya hewa kwa kompyuta walihangaika: dunia gani hiyo inayopasha ncha zake na kuipoza tropiki? Nadharia zilitungwa kueleza bahari ambayo haikuwahi kuwapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Pearson alianza kutafuta magamba yaliyozikwa katika udongo wa mfinyanzi, ambao haupitishi maji. Kumbukumbu za uchunguzi wa mafuta zilielekeza pwani ya kusini ya Tanzania. Udongo wa Kilwa ulitanda kwenye mteremko wa bahari penye kina cha mita mia kadhaa, haukuzikwa chini sana baadaye, na ardhi ilipoinuka ukajikuta nchi kavu. Magamba yaliyooshwa humo yaling'aa. Yalipitisha mwanga, yakaonyesha vitundu vyake vyote na hata miiba, mithili ya magamba ya viumbe waliokufa juzi.

Mwaka 2001 Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba ya Tanzania pamoja na mengine yaliyohifadhiwa kwenye udongo wa aina hiyo kwingineko. Bahari ya tropiki ya Kretasia na Eosini ilikuwa na nyuzijoto 28 hadi 32, au zaidi. Kitendawili cha tropiki baridi kilikuwa kimetokana na magamba yaliyobadilika. Kwangu hili ndilo tukio kuu la historia hii yote, kuliko hata hesabu ya Urey. Vyombo vya kupimia vilikuwa sahihi tangu mwanzo na hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni gamba la kuaminika, na hilo halitengenezwi maabara. Linategemea aina ya tope lililolifunika siku lilipozama.

Mradi uliofuata, wa kuchoronga pwani ya Kilwa na Lindi, ulifanywa kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Ripoti ya visima vitano vya mwanzo, iliyotoka mwaka 2004, ina majina ya Joyce Singano, Amina Karega na Emma Msaky kando ya yale ya Pearson, Christopher Nicholas wa Dublin na wengine. Singano ni mtaalamu wa foraminifera, na jina lake limo katika tafiti nyingi za Kundi la Kilwa. Katika udongo huo Pearson na Helen Coxall walifuatilia jinsi jenasi ya Hantkenina, yenye miiba mirefu kwenye vyumba vyake, ilivyotokea hatua kwa hatua kutoka kwa babu yake, na mojawapo ya spishi za jenasi hiyo ikapewa jina la Singano. Watanzania wengi wanamjua mjusi wa Tendaguru, yaani dinosauri aliyechimbwa Lindi na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, na mjadala wa kumrejesha hauishi. Spishi yenye jina la Mtanzania, iliyotoka wilaya jirani na kusomwa na Watanzania pamoja na wageni, inastahili kujulikana nayo.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Nguzo za tope hutolewa kisimani na kupangwa kwenye masanduku kwa mfuatano. Kipande cha udongo huloweshwa, husambaratishwa, kisha huoshwa juu ya chekeche lenye matundu madogo mno hadi maji yatoke safi. Kinachobaki hukaushwa na kumwagwa kwenye trei chini ya hadubini, na mtu mwenye brashi nyembamba yenye unyevu huchagua gamba mojamoja la spishi anayoitaka, kwa saa nyingi, siku baada ya siku. Kipimo kimoja cha boroni kinaweza kuhitaji magamba mia na zaidi, kwa sababu boroni iliyomo ni chache sana. Kisha magamba hupasuliwa, husafishwa kuondoa udongo uliojificha vyumbani, na kuyeyushwa kwa asidi. Boroni nayo imejaa kila mahali: kwenye vioo vya maabara na kwenye vichujio vya kawaida vya hewa, ambavyo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo chenye boroni. Maabara za kazi hii hulazimika kutumia vichujio vya aina nyingine na vyombo vya plastiki, la sivyo unapima vumbi la chumba chako badala ya Bahari ya Hindi ya kale.

Sehemu iliyotamaniwa zaidi ilikuwa tabaka la Pande. Takriban miaka milioni 34 iliyopita dunia ilivuka kutoka Eosini kuingia Oligosini, na Antaktika, iliyokuwa na misitu, ikafunikwa na barafu. Kwa nini? Wako waliosema chanzo ni bahari iliyofunguka kulizunguka bara hilo na kulitenga na maji ya joto. Mwaka 2003 Robert DeConto na David Pollard walionyesha kwa kompyuta kwamba kushuka kwa hewa ukaa chini ya kizingiti fulani, karibu mara tatu ya kiwango cha kabla ya viwanda, kungetosha. Ilikuwa hoja nzuri isiyo na shahidi. Vilindini ushahidi wa wakati huo una mapengo na magamba yake ni ya chaki. Karibu na Pande visima vilipata mpito wote, tope juu ya tope. Humo unaona Hantkenina wakiwapo, kisha hawapo tena. Kutoweka kwao ndiko kunakotumika duniani kote kuweka mpaka wa enzi hizo mbili.

Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walitoa matokeo ya boroni ya magamba hayo. Barafu ilipoanza kujengeka, hewa ukaa ilikuwa imeshuka hadi karibu sehemu 760 kwa milioni, jirani kabisa na kizingiti cha DeConto na Pollard. Kisha ikapanda tena kwa muda, barafu ikiwa tayari imeshika mizizi, kabla ya kuendelea kushuka. Mwaka 2016 Eleni Anagnostou, Foster na wenzao walirudi kwenye magamba ya Tanzania kwa vyombo bora na kufuata Eosini nzima. Katika kilele cha joto la enzi hiyo walipata takriban sehemu 1,400, na mwisho wake kiwango kilikuwa kimepungua kwa karibu nusu. Makadirio yale ya kwanza ya mwaka 2000 yalirekebishwa kwa kushushwa, lakini picha kubwa ya hewa ukaa na joto kwenda pamoja ilitoka ikiwa imara zaidi.

Kisima kingine cha Kilwa kilikata tabaka la tukio linalowatia wasiwasi wataalamu kuliko mengine yote, lile la miaka milioni 56 iliyopita. Lilitambuliwa mwaka 1991, pale James Kennett na Lowell Stott walipoona, katika nguzo ya tope kutoka karibu na Antaktika, joto likiruka ghafla na isotopi za kaboni zikibadilika ndani ya kipande kifupi. Kaboni nyingi mno ilikuwa imeingia hewani na baharini. Tope la wakati huo lililochorongwa mwaka 2003 kwenye mgongo wa Walvis, kusini mwa Atlantiki, linaonyesha kilichofuata: tope jeupe linakatika, unafuata udongo mwekundu usio na magamba, kisha weupe unarudi taratibu. Ni udongo uleule Murray aliouona vilindini, ila safari hii mstari wa kina ambapo magamba huyeyuka ulikuwa umepanda kwa zaidi ya kilomita mbili. Boroni ya magamba kutoka Pasifiki inaonyesha pH ya maji ya juu ikishuka kwa takriban 0.3.

Wakati huo eneo la Kilwa lilikuwa kusini zaidi, karibu latitudo ya 19, kabla Afrika haijasogea kaskazini. Mwaka 2014 Tracy Aze na wenzake walipima gamba mojamoja kutoka tabaka hilo. Joto liliongezeka kwa nyuzi tatu au zaidi juu ya bahari ambayo tayari ilikuwa moto, na kwa makadirio yao huenda lilivuka 40. Katika kilele cha tukio foraminifera wanaoelea wanatoweka kwenye tope la Kilwa, kisha baadaye wanarudi. Bahari hii hii inayolisha watu wa pwani kwa samaki na pweza iliwahi kuwa moto kupita uwezo wa viumbe hao kuishi, na ushahidi upo kwenye udongo wa wilaya yetu.

Leo hewa ina zaidi ya sehemu 420 za hewa ukaa kwa milioni. Mwaka 2023 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Bärbel Hönisch lilikusanya vipimo vyote vinavyoaminika, vya boroni vikiwemo, likahitimisha kwamba mara ya mwisho kiwango kama hiki kudumu ni miaka milioni 14 iliyopita. Bahari imemeza karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, na pH ya uso wake imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, sawa na ongezeko la asidi la zaidi ya robo. Katika tukio la miaka milioni 56 iliyopita kaboni iliingia kwa kasi inayokadiriwa kuwa takriban tani bilioni moja kwa mwaka; sisi tunatoa takriban tani bilioni kumi. Na hata kwa kasi ile ndogo, tope la Walvis linaonyesha kwamba bahari ilihitaji zaidi ya miaka laki moja kabla magamba hayajaanza tena kurundikana vilindini kama mwanzo.